Mpangaji Aliyepiga Kura Kutoka Kahororo

Nyumba ndogo ya uani niliijenga kwa ajili ya mama yangu mzazi. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wameondoka, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dodoma, nikaona mama aje Kahororo, hapa Bukoba mjini, tuishi wote. Alikuja, akalala siku mbili. Siku ya tatu akasema mjini hakuna pa kutupia macho, akataka arudishwe kijijini Kagoma kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, na huko ndiko alikomalizia siku zake. Nyumba ikabaki na mkeka mpya na kitanda ambacho hakuna aliyekizoea.

Nimefundisha uraia na historia miaka thelathini na miwili. Nilipostaafu nilidhani nitaikumbuka kazi yenyewe, chaki na madaftari. Kumbe nilichokikumbuka ni kuulizwa. Darasani nilikuwa naulizwa maswali ishirini kwa siku, mengine ya kipuuzi. Nyumbani ikawa inapita wiki nzima, na swali pekee ninaloulizwa ni kama nina chenji.

Aliyeniletea mpangaji ni mama mmoja Mlutheri tuliyewahi kufundisha naye. Alinieleza kwamba kuna Mmarekani, mjane wa miaka sabini na moja, anakuja kujitolea kufundisha Kiingereza kwenye shule ya wasichana kwa mwaka mmoja na nusu. Hataki kukaa hosteli na vijana wa kujitolea, anataka chumba chenye jirani. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki, kama hilo halitaleta shida. Akasema yule mama hakuuliza dini ya jirani, aliuliza kama maji yapo.

Miezi miwili ya kwanza tulisalimiana tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea ameinamisha kichwa kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alifua nguo zake mwenyewe, jambo lililowashangaza majirani kuliko rangi yake. Jioni yeye alikula kwenye kizingiti chake na mimi kwenye changu, tumetenganishwa na hatua kumi za ua. Nilikisikia kijiko chake kikigonga sahani. Nadhani na yeye alikisikia changu.

Malaria ndiyo iliyotukutanisha. Ilikuwa wakati wa mvua za vuli. Asubuhi moja sikusikia mlango wake ukifunguliwa, nikaenda kubisha, nikamkuta amejikunja kitandani anatetemeka huku amevaa sweta mbili. Nikaita bajaji tukaenda hospitali. Nilichukua na kadi yangu ya bima, maana siku hiyo hiyo nilitakiwa kuchukua dawa za presha. Alipokwisha kupewa dawa na homa kuanza kushuka, tukiwa bado tumekaa kwenye benchi, akaniuliza ile kadi ni ya nini. Nikamweleza kwamba mtumishi wa umma hukatwa kidogo kwenye mshahara miaka yote ya kazi, akistaafu anaendelea kutibiwa.

"Na hakuna anayekupigia simu baadaye kudai deni?" akauliza.

Nikamwambia hakuna. Lakini sikutaka apate picha nzuri kupita kiasi, nikamwambia pia kwamba dawa nyingine hazimo kwenye orodha, na kwamba siku hiyo hiyo dawa yangu moja nimeambiwa nikainunue duka la nje. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

Siku zile za kupona nilimpikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage, nikawa nampelekea, na kwa kuwa si vizuri kumwachia mgonjwa chakula na kuondoka, nikawa nakaa. Alipopona tukaendelea hivyo hivyo, tunakula kwenye kizingiti kimoja. Tulizungumza Kiingereza, chake cha puani na changu cha kitabuni, na Kiswahili chake kilipoanza kukua tukachanganya. Yeye aliniita Mwalimu. Mimi nilimwita Dada, kwa kuwa alinizidi miaka sita.

Nilidhani Wamarekani wote wanaokuja huku wametoka kwenye ofisi nzuri. Huyu alikuwa amefungasha jibini kiwandani miaka ishirini na sita, kisha akawa mpishi wa shule. Jimbo lake liko kaskazini, kwenye ziwa kubwa, na siku ya kwanza nilipompeleka ufukweni Bukoba alisimama muda mrefu akitazama maji. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta tofauti kati ya ziwa letu na la kwao, na tofauti aliyoipata ni kwamba la kwao huganda.

Jioni moja tulikuwa tunamenya ndizi, nikamsimulia habari za mwanangu wa kwanza, jinsi alivyokuwa analia usiku kucha, na jinsi nilivyomshukuru Mungu kwamba nilikuwa likizo ya uzazi, siku themanini na nne, mshahara unaingia kama kawaida. Nilisema hivyo kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Akaacha kumenya.

Yeye alirudi kiwandani siku kumi na moja baada ya kujifungua, mtoto akamwachia jirani. Likizo ya malipo haikuwapo, na mume wake alikuwa hana kazi majira yale. Alinieleza jinsi maziwa yalivyokuwa yakimvuja kifuani ikifika saa nne asubuhi, muda ambao mtoto alizoea kunyonya, na jinsi alivyofunga aproni mbili ili yasionekane. Msimamizi wake, mwanamke pia, aliyaona, akageuza uso.

"Sisi ndio matajiri, Mwalimu," akasema. "Watu wanavuka bahari kuja kwetu. Na mimi nilifunga aproni mbili."

Nilikuwa nimefundisha mihula mingi kwamba nchi tajiri huwatunza raia wake kwa sababu ni tajiri. Sikuwahi kuona sababu ya kuuliza kama ni kweli.

Hapo ndipo alipoanza kunieleza anachokitaka. Tangu mume wake afariki alikuwa amejiunga na kikundi cha watu wa kwao, wengi wazee, waliokuwa wanagonga milango ya watu kuwaomba wachague wagombea wanaotaka matibabu kwa wote, likizo ya uzazi kwa wote, na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Akaniambia jina la siasa hiyo, ujamaa wa kidemokrasia, nami nikacheka. Nikamwomba radhi, kisha nikamweleza kwa nini nimecheka.

Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Kagoma, na mimi nilikuwa bado msichana wakati maduka yalipobaki na rafu tupu. Nilipanga foleni ya sabuni tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na nilipofika dirishani sabuni ikawa imekwisha. Chama cha ushirika ambacho baba na wenzake walikijenga wenyewe kilifutwa, ikabidi bei ya kahawa yao iamuliwe na watu wasiowajua. "Dada," nikamwambia, "neno ujamaa hapa kwetu wengine tunalitamka kwa heshima na wengine kwa kovu. Mimi nina yote mawili."

Hakukasirika. Alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri kila mara, akitazama chini. Akasema hataki serikali imiliki kiwanda cha jibini. Mwenye kiwanda abaki na kiwanda chake. Anataka tajiri huyo alipe kodi kama inavyomstahili, anataka wafungashaji wawe na chama cha kuwasemea, na mwanamke aliyejifungua akae nyumbani anyonyeshe bila kuogopa kwamba atakuta nafasi yake ina mtu mwingine. Mengine yote aachiwe kila mtu na bidii yake.

"Na kwetu tayari tunajua jinsi ya kufanya," akasema. "Ukifika miaka sitini na mitano serikali inakupa kadi ya matibabu. Ninayo. Sijakutana na mzee hata mmoja aliyeirudisha eti kwa sababu ni ujamaa. Nauliza tu kwa nini tusubiri mpaka tuzeeke."

Nikamwuliza swali ambalo ningemwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne, kwamba wakikusanya fedha nyingi hivyo kwa pamoja, nani atawachunga hao watakaokuwa wanazikusanya. Akasema ni wapiga kura, wenye macho na wenye uwezo wa kuwatoa. Nimefanya kazi ya ukarani kwenye vituo vya kupigia kura mara nyingi, na kuna mambo ambayo mwalimu mstaafu huyamezea kwenye kizingiti chake mwenyewe.

Tuliendelea na mazungumzo hayo miezi. Nilimpinga kwa sababu nilipenda kumpinga. Kusema kweli, ilipofika saa kumi jioni nilikuwa nimeshaandaa hoja, kama zamani nilivyoandaa somo. Kidogo kidogo nikaona napinga vitu ambavyo yeye hakuvisema, nikiijibu foleni ya sabuni na si yeye.

Jambo moja alilizungumza mara moja tu. Yule mtoto wa aproni mbili, binti yake wa pekee, alikuwa hasemi naye kwa mwaka wa pili. Binti aliona siasa za mama yake ni za kulalamika. Walikosana mezani, siku ya sikukuu, mbele ya wageni. Binti alisema, "Wewe ulibeba mzigo wako bila msaada wa mtu, na mimi nitabeba wangu." Mama akajibu kwamba yeye hakubeba, alilazimishwa. Binti akasikia kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikokuwa mzigo. Tangu siku hiyo ni kadi za Krismasi tu, zisizo na maneno zaidi ya yale yaliyochapwa na kiwanda.

Mwezi wa tisa karatasi yake ya kura ilimfikia kwa barua pepe. Tulikwenda wote mjini, tukaichapisha kwenye steshenari moja karibu na soko. Jimbo lake lilitaka mtu mzima amshuhudie mpiga kura akijaza karatasi yake, na kwa aliye nje ya nchi si lazima shahidi awe Mmarekani. Aliniomba mimi. Tulirudi nyumbani tukakaa mezani kwangu. Akaniruhusu kwanza niione karatasi ikiwa tupu, kisha akageuka, akaiziba kwa mkono kama wanafunzi wangu walivyoziba mtihani, akajaza. Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga. Nikaandika jina langu, anwani yangu ya sanduku la posta, nikasaini.

Nilikuwa nimezoea vidole vyenye wino, foleni, mawakala wa vyama wanaotazamana. Hapa palikuwa na vikombe viwili vya chai na wanawake wawili wazee. Nilisaini polepole, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Kesho yake tukaituma kwa posta ya haraka.

Alikuwa na hamu zaidi na kiti kidogo, cha bunge la jimbo lake. Mgombea wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeahidi kuleta muswada wa likizo ya uzazi. Matokeo yalikuja mwezi wa kumi na moja, asubuhi kwa saa za huku, wakati wa senene, panzi wetu wa kukaanga. Nilikuwa nimenunua senene wa kutosha, tumekaa uani na sinia katikati yetu, tunawatoa mabawa na miguu. Simu yake ilikuwa kwenye kigoda. Alikuwa ameshajifunza kuwachambua vizuri, haraka kama mwenyeji, na kila baada ya muda alifuta vidole kwenye khanga akaigusa simu. Ilipofika saa tatu na nusu aliisoma, akaiweka chini ikiwa imelala kifudifudi.

"Ameshindwa," akasema. "Yule mwalimu ameshindwa."

Akaendelea kuchambua senene. Nami nikaendelea. Tulimaliza sinia nzima, na nilipowakaanga alikula kidogo, akasema ni watamu, akaingia kwake akafunga mlango. Jioni ile sikukisikia kijiko chake.

Wiki tatu baadaye, ilikuwa Jumamosi mchana, alikuja kwangu ameshika simu kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa amempigia. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imeleta matatizo. Daktari amemwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Kazini kwake, ghala la bidhaa, walimwambia anaweza kukaa bila malipo kwa muda, kisha wataona. Mume wake anaendesha lori, hukaa njiani siku nyingi, na ndani kuna mtoto mwingine wa miaka mitatu. Hakumwambia mama yake kwamba alikosea. Alimwuliza kama anaweza kuja.

Nilimwuliza anajisikiaje. Akasema anaona aibu, kwa sababu alipoisikia ile sauti alifurahi kabla hajaogopa. Kisha akasema, "Nakwenda kuwa likizo ya mwanangu, Mwalimu. Kama jirani alivyokuwa yangu. Na baada yangu nani?"

Zilikuwa zimebaki wiki kama saba hivi mkataba wake wa kujitolea uishe. Shule ilimwelewa, wasichana wakamwimbia. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, pale kando ya ziwa. Alikuwa na sanduku moja na mfuko wa kahawa ya Kagoma niliyomfungia. Tulikumbatiana, jambo ambalo mimi si mzoefu nalo, kisha ndege ikaondoka ikipita juu ya maji, na mimi nikachukua bodaboda kurudi Kahororo. Nilipofika nilikuta amefagia ua, na ufunguo ameuacha juu ya meza, chini ya sahani safi.

Mwanzoni aliniandikia kila siku. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati lakini mzima. Alimwogesha, alimpikia yule mkubwa, alifua. Aliandika kwamba siku moja binti yake alimtazama akimbeba mtoto akamwuliza ilikuwaje zile siku kumi na moja, na yeye akamsimulia, pamoja na habari ya aproni. Binti alilia. Lakini alimwambia pia kwamba uchaguzi ujao atapiga kura kama alivyopiga. "Tunazungumza," aliandika. "Hatukubaliani, ila tunazungumza." Baadaye akaandika kwamba amekwenda kusema mbele ya kamati ya jimbo kuhusu muswada ule ule, ambao mtu mwingine ameuleta. Walikwenda watano kuutetea, yeye akapewa dakika tatu. Haukupita. Watauleta tena.

Ningependa kuwa wa sita. Nililiona hilo ni wazo la ajabu kwa mwanamke wa Kahororo, lakini ndivyo nilivyojisikia, kwamba kule kwenye chumba nisichokijua, katika nchi nisiyoiona, kulikuwa na kiti changu.

Nyumba ya uani niliipangisha kwa kijana wa benki. Ananiamkia vizuri asubuhi, jioni anaingia na visikilizio masikioni. Hana shida yoyote. Redioni wakitangaza habari za Marekani naongeza sauti, nasikia majina ya wakubwa wao na nani kamtukana nani, na hawasemi kitu kuhusu watu watano na dakika tatu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kagoma kukagua kibanja. Sasa kinatunzwa na wifi yangu, mke wa marehemu kaka. Tulikuwa tunapalilia, nikamsimulia habari ya Mmarekani wangu, kwa Kihaya, nikaipamba kidogo, nikafika pale kwenye siku kumi na moja. Nilingoja ashangae. Nikamwambia, unaona, waitu, mwenzangu, hata Marekani; na sisi huku tuna siku themanini na nne.

Wifi hakusimamisha jembe. "Nani ana siku themanini na nne?" akauliza.

Nikasema mimi nilizipata.

"Wewe ulikuwa mwalimu," akasema. "Mimi mtoto wa tatu nilimzaa Jumatatu. Ijumaa nilikuwa hapa hapa kwenye mibuni. Wewe ulikuja kutuona, ukaleta sukari."

Nilikumbuka kuleta sukari. Jembe sikulikumbuka. Lazima lilikuwapo, na lazima nililiona, mimi niliyekuwa nafundisha haki za raia Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye hakuwa amekasirika. Alinisimulia tu, kama mtu anayemsahihisha mwingine tarehe. Tukaendelea kupalilia mpaka jua likawa kali, tukala, akanifungia ndizi za kuondoka nazo.

Nilikaa siku nne badala ya moja. Sikuweza kumlipa wifi siku zake, zimekwisha kupita, na yeye mwenyewe sasa ni bibi. Lakini mkwe wake ana mimba ya miezi saba, na anabeba maji. Nilizungumza na kina mama wa jumuiya ya pale baada ya sala, nikawauliza kama tunaweza kupeana zamu ya kumchotea maji. Wawili wakasema ndiyo. Wengine wakasema mwalimu amezeeka mjini, ndiyo maana ana muda wa kuwaza hivyo. Mmoja akauliza kama kuna mradi wa wazungu nyuma yake.

Niliporudi Kahororo ua ulikuwa kimya, kijana wa benki amesafiri. Niliweka ndizi chini, nikakaa, nikamwandikia Dada ujumbe mrefu kuliko wote niliowahi kumwandikia. Nilimweleza habari ya wifi, ya Jumatatu na Ijumaa, na ya sukari. Nilimwambia kwamba zile siku themanini na nne nilimtajia kama za nchi yangu, kumbe zilikuwa za kwangu mimi na wachache kama mimi, na kwamba akisimama tena mbele ya kamati yake aulize sheria yao itamfikia nani: mfanyakazi wa ghala peke yake, au na yule anayefagia nyumba za watu.

Niliusoma mara mbili, nikasahihisha nukta, nikautuma. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kwao bado hakujapambazuka, na akiamka ana mtoto wa kuogesha.